Chakula Kilichoanguka Kutoka Mbinguni

Nyota ya Babu ni ya shaba, ina ncha sita, na utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati ya buluu na rangi ya chungwa. Nimeigeuza mara nyingi kutafuta jina. Halipo. Nishani za Nyota ya Burma walizopewa askari wetu hazikuchongwa majina, na mwenye nayo akifa kimya, shaba haimsemei.

Babu alikufa kimya. Akabaki Bibi, kule Masasi, na ndiye aliyenifanya nijifunze kazi ya kuchimba habari za ukoo, ambayo leo naiheshimu kama ufinyanzi. Kwanza inakufundisha kuuliza. Nilimuuliza Bibi mumewe aliondoka mwaka gani. Akainama, nikajua nimemtia aibu bure. Siku nyingine nikamuuliza: Babu alipochukuliwa jeshi la keya, shangazi alikuwa wapi?

"Mgongoni," akajibu papo hapo. "Hajaota hata jino."

Cheti cha ubatizo cha shangazi kinasema 1943. Mwaka ukapatikana.

Karatasi ya Babu ya kuachishwa jeshi ililiwa na mchwa, ila namba 36 ilisalia pembeni. Batalioni ya 36, ya Tanganyika, ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, mvua zikipiga, malaria ikiwaandama, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Shajara za vita za vikosi hivyo zimehifadhiwa Kew, London. Humo ofisa Mzungu aghalabu hutajwa kwa jina. Askari wetu huhesabiwa: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Inauma kuisoma hesabu hiyo huku ukijua kwamba mmoja wa wasiotajwa ndiye aliyekubeba begani. Wengi hufunga faili hapo. Mimi naona hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa sababu karatasi ina siku isiyo na mtu na Bibi ana mtu asiye na siku, na kazi yako ni kuvishona viwili hivyo kwa subira, kama ukili wa mkeka, bila kulazimisha mahali pasipokutana.

Kulikuwa na neno moja ambalo Bibi alilisema kwa kusitasita. Homa ikimpanda, Babu alikuwa akieleza kwamba huko vitani walikaa matopeni wakitazama juu, na chakula kikaanguka kutoka mbinguni. Majirani walicheka. Bibi naye alidhani ni homa inayosema.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Matope ya Kabaw yalimeza njia, magari yakakwama, na divisheni ile ikalishwa kwa ndege: mizigo ya chakula ilidondoshwa msituni kwa miavuli. Niliposoma hayo sikuweza kuendelea na ukurasa. Nilifunga safari kwenda Masasi.

Nilimkuta Bibi na ungo mapajani, anachambua mbaazi. Nikamsomea, nikifasiri sentensi moja moja. Vidole vyake vikatulia juu ya mbaazi.

"Mume wangu," akasema polepole, "kumbe ulikuwa unasema kweli."

Mimi mjukuu wake huniita hivyo siku zote, lakini safari hii hakuwa akinitazama mimi. Baadaye akausogeza ungo kando, akajifuta mikono kwa kanga.

"Hebu rudia hapo penye ndege."