Marjorie Oludhe Macgoye: Kiswahili Kilichofichwa katika Riwaya za Pumwani

Huenda mwalimu akajiuliza jina la Marjorie Oludhe Macgoye linatafuta nini katika kurasa za uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ilhali mwandishi huyu alitunga kwa Kiingereza. Jibu limo katika wahusika wake. Watu wa Pumwani na Majengo anaowasawiri walitoka Nyanza, Ukambani, Kiambu na pwani; walipopangisha vyumba, kugombana na kukopeshana unga, walifanya hivyo kwa Kiswahili. Riwaya zake basi ni Kiswahili kilichovishwa vazi jingine. Kwa maoni yangu, riwaya yetu ya Kiswahili bado haijaitazama mitaa ya Eastlands kwa subira kama yake.

Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka wa 1928, akasomea Chuo Kikuu cha London, kisha akaja Kenya mwaka wa 1954 kufanya kazi ya kuuza vitabu chini ya shirika la kimishonari la CMS. Mwaka huo si wa kupitwa haraka. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na Aprili 1954 askari wa mkoloni waliizingira mitaa ya Waafrika jijini katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, wakawapeleka maelfu ya watu vizuizini. Huo ndio mji aliokutana nao. Mnamo 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, mhudumu wa afya, akaingia katika ukoo wa Kijaluo kama mke na mkaza mwana. Alilea watoto wanne, akafundisha Kisumu, akawa raia wa Kenya mwaka wa 1964. Baadaye alisimamia duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kurudi Nairobi mwaka wa 1975. Alifariki Desemba 2015.

Virginia Woolf, mwandishi wa usasa ambaye wahakiki hupenda kumrejelea, alidai mwaka wa 1929 kwamba mwanamke anayetaka kutunga anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Macgoye aliandika huku akiwa na watoto wa kulisha, vitabu vya kuuza na madaftari ya kusahihisha. Riwaya yake mashuhuri, Coming to Birth, ilitoka mwaka wa 1986, umri wake ukikaribia miaka 60, ikatuzwa Tuzo ya Sinclair nchini Uingereza. Wapo watakaosikitikia kuchelewa huko. Mimi naona kulimfaa: aliandika akiwa ameshawasikiliza watu kwa miaka 30.

Katika Coming to Birth, Paulina anafika Nairobi kwa gari la moshi mwaka wa 1956 akiwa msichana wa miaka 16, kumfuata mumewe Martin aliyepanga chumba Pumwani. Anapoteza mimba, anapotea njia, anapigwa. Msuko unaendelea hadi 1978. Matukio makubwa ya taifa hayasimuliwi kwa hotuba; yanamfikia Paulina kupitia mlango wa nyumba yake. Mwanawe anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka wa 1969, na msomaji anaielewa siasa kupitia msiba wa mama mmoja.

Lakini kazi inayostahili kujadiliwa zaidi katika vyumba vya walimu ni The Present Moment ya 1987. Wanawake wakongwe wa makabila mbalimbali wanaishi pamoja katika makao ya wazee Nairobi, na kila mmoja anakumbuka yake. Hakuna mhusika mkuu mmoja. Mbinu rejeshi haitumiki kama kipambo, bali ndiyo mwili wa riwaya: wakati unakatika, unarudi, unaingiliana na wa jirani. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuufunza usasa kupitia Nagona ya Kezilahabi (1990), na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba majaribio ya kimuundo ni lazima yawe ndoto na falsafa. Macgoye anaonyesha yanaweza pia kuwa ajuza wanaokumbuka wakiwa kitandani.

Hata hivyo, ana kasoro ambayo msomaji wa Kiswahili ataigundua upesi kuliko mwingine yeyote. Sophia ni mwanamke wa Mombasa aliyezaliwa Mwislamu. Wairimu ni Mkikuyu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, mashambani na mjini. Hawa hawawezi kuzungumza namna moja. Lafudhi, misamiati na adabu ya maamkizi ingewatenganisha kabla hawajamaliza sentensi ya kwanza. Kiingereza cha mwandishi kinawasawazisha mno, na sehemu ya uhai wao inapotea hapo.

Mtahiniwa naye atahadhari. Tangu Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na baadaye Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, riwaya teule zimetungwa na wanawake, na baadhi ya majibu huanza kwa kudai kwamba mwandishi "anajitetea" kwa kuwa ni mwanamke. Wasifu hautoshi kuthibitisha usawiri wa mhusika. Mangwasha hajengwi na jinsia ya Momanyi, bali na anachotenda chini ya Mtemi Lesulia. Vivyo hivyo, maisha ya Macgoye yanatueleza alikojulia Pumwani. Hayatuelezi kwa nini Paulina ananyamaza anaponyamaza.

Kwa mwalimu aliye Kaloleni, Makadara au Jericho, zoezi moja lafaa. Chukua mazungumzo mafupi ya Sophia na Wairimu, uwape wanafunzi wayaandike kwa Kiswahili ambacho kila mmoja wao angekitumia. Sophia huwasumbua kwa sababu hawajui Kimvita. Wairimu nao humpa Sheng ya leo, na mara mwenzao mmoja hupinga kwamba bibi wa rika hilo hangeongea hivyo, kwani nyanya yake wa Shauri Moyo haongei hivyo.