Kromiamu Ilipogeuka Udhaifu

Chuma cha pua hakishiki kutu upesi kwa sababu ya kromiamu, ambayo huungana na oksijeni na kutandaza utando mwembamba unaokilinda. Miaka ya 1950, wahandisi wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, nchini Marekani, waliona kinga hiyo ikishindwa ndani ya chumvi za floridi zilizoyeyuka. Chumvi hizo huuyeyusha utando, kisha floridi ya urani iliyomo humo huichomoa kromiamu kutoka ndani ya metali. Mabomba ya majaribio ya Inconel, aloi ya nikeli yenye kromiamu kama asilimia 15, yalibaki na matundu madogo chini ya uso wake.

Wakaamua kupunguza kinacholiwa. Waliunda aloi ya INOR-8, iliyokuja kuitwa Hastelloy N: nikeli takriban asilimia 70, molibdenamu 16 ya kuipa nguvu kwenye joto, na kromiamu 7 tu. Hawakuiondoa yote, kwani upande wa nje wa bomba hukabili hewa, na huko utando wa kromiamu bado unahitajika. Asilimia hizo 7 zilipatanisha pande mbili za ukuta mmoja.

Kinu cha nyuklia cha majaribio cha maabara hiyo, kilichoitwa MSRE, kiliwashwa Juni 1965, chumvi yake yenye urani ikizunguka kwenye joto la nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Hapo aloi peke yake haikutosha. Kila atomi ya urani inapopasuka, chumvi huzidi kuwa na uwezo wa kula metali. Waendeshaji walitumbukiza fimbo za beriliamu, ambayo hutwaa floridi kabla ya kromiamu kuguswa. Tena walipima kromiamu katika sampuli za chumvi: ikiongezeka, ukuta unaliwa. Nauheshimu sana ustadi huo wa kujua hali ya ukuta pasipo kuufungua.

Kinu kilizimwa Desemba 1969. Vipande vya aloi vilivyochunguzwa vilikuwa na nyufa fupi kwenye mipaka ya chembe za metali, kazi ya teluriamu inayozaliwa urani inapopasuka. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa kuongeza niobiamu asilimia 1 hadi 2, na kuidhibiti zaidi kemia ya chumvi, hupunguza nyufa hizo.

Anayebuni kinu cha chumvi leo achague aloi na ratiba ya kupima chumvi kwa pamoja, maana uhai wa ukuta hutegemea vyote viwili.