Mwamuzi ni Udongo

Mtu anayetaka kununua kitambua metali kwa mara ya kwanza huwa na swali moja: inafika futi ngapi chini? Wauzaji hulipenda sana swali hilo, kwa kuwa halina jibu, na lisilo na jibu hujibiwa vyovyote. Shilingi ambayo mashine itaisikia waziwazi kwenye mchanga mkavu wa ufuo wa Diani yaweza kupitwa kimya katika udongo mwekundu wa Boito, na mashine isiwe na hitilafu yoyote. Udongo wa huku kwetu Boito, eneo la Konoin katika nyanda za chai za Kenya, umetokana na mawe ya volkano, na wekundu wake ni oksidi za chuma zilizoenea kila mahali. Sasa juu yake umeweka mashine iliyoundwa kusikia chuma. Itapiga kelele mchana kutwa, na haitakuwa inadanganya.

Ndiyo maana nausifu ufundi ambao wengi hawauhesabu kuwa ufundi: kazi ya kuzilinganisha mashine kabla ya kutoa senti. Sifa zote huenda kwa aliyechimbua sarafu ya zamani. Ila aliyekwisha kuijua sauti ya sarafu hiyo kabla haijaonekana ndiye fundi, na alijifunzia sauti hiyo kwenye kulinganisha.

Kwa ufupi, mashine zenyewe hufanya kazi hivi. Katika ile sahani ya chini, iitwayo koili, mna nyaya zilizozungushwa. Umeme ukipita humo hujenga uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde; hesabu ya mageuko hayo ndiyo masafa. Uga huo ukiifikia metali, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani ya metali na kurudisha jibu, na koili hulisikiliza. ACE 300 ya Garrett, kampuni ya Texas, hutumia masafa ya kilohezi 8. Simplex+ ya Nokta, ya Waturuki, hutumia 12. Gold Monster 1000 ya Minelab, ya Australia, hufika 45. Masafa ya chini hufaa fedha na shaba iliyozama. Ya juu hunasa chembe ndogo za dhahabu. Equinox ya Minelab na Legend ya Nokta hutuma masafa kadhaa kwa pamoja.

Majirani watakuuliza kuhusu dhahabu, hilo halikwepeki. Dhahabu iko Lolgorian, iko Migori, iko Kakamega, ambako watu walimiminika kuanzia 1931. Boito ni chai. Anayenunua Gold Monster aje kupekua huku amenunua sikio la kazi nyingine.

Kinachoweza kupatikana huku ni vitu vya watu waliopita kwa miguu. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, na waliokwenda kutafuta kazi huko walidondosha vitu njiani. Zilikuwapo ndururu na peni za shaba nyeusi zenye tundu katikati. Ilikuwapo shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921, ambayo hadi 1946 robo ya uzito wake ilikuwa fedha. Na kilikuwapo kikebe cha metali kilichobeba kipande, zile karatasi ambazo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo wakati wa ukoloni, kikining'inia shingoni kwa kamba. Ningefurahia kikebe kimoja cha namna hiyo kuliko kofia iliyojaa shilingi.

Kulinganisha kunakofaa nimekuona kwa waonja chai. Vikombe hupangwa mstari mmoja. Uzito wa majani ni sawa, maji ni yale yale yaliyochemka, muda ni ule ule. Kuna hata kanuni ya kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Kila kitu kinafungwa kisibadilike, ili kinachobadilika kiwe chai peke yake. Hakuna mwonjaji anayekubali kuambiwa ladha na maandishi ya gunia.

Basi chagua kipande cha ardhi pembeni mwa boma, mbali na mizizi ya chai, uzike. Ndururu kina cha sentimita 10. Shilingi ya zamani kina cha 15. Kifuniko cha soda kivyake. Kisha sarafu nyingine na msumari wa mabati kando yake, upana wa vidole viwili baina yao. Hapo ndipo mashine nyingi huaibika. Weka vijiti vya alama, na usipime siku hiyo. Mvua inyeshe, udongo ushikane tena, maana udongo uliofukuliwa juzi haujibu kama uliotulia.

Halafu sikiliza. Ndururu hulia vizuri licha ya tundu lake, kwa sababu mkondo huzunguka ukingoni kama katika pete. Ipitie kutoka mashariki, kisha geuka uipitie kutoka kusini: sauti ni ile ile. Msumari uliolala hubadilisha kauli ukiujia kwa upande mwingine. Mlaghai mkubwa ni kifuniko cha soda. Ni chuma, lakini kwa ubapa wake hutoa sauti nyororo ya sarafu, na namba ya kwenye kioo cha mashine hupanda kwa madaha. Vuta koili polepole mpaka ukingo wake tu ndio uguse juu ya kitu: sauti itaanza kukwaruza, kisha kukoroma. Mashine inayokuwezesha kusikia mkwaruzo huo ina thamani kuliko inayoingia chini nusu futi zaidi. Kwenye karatasi za sifa hilo haliandikwi.

Udongo wenyewe nao una mtihani wake. Mashine nyingi nzuri hukuruhusu kuzisawazisha na ardhi: unainua na kushusha koili mara kadhaa juu ya mahali pasipo na metali, mpaka ardhi inyamaze. ACE 300 imewekewa usawazisho wake kiwandani, haubadiliki. Kwenye uwanja wa shule kwingineko huenda usione tofauti. Kwenye udongo mwekundu utaiona asubuhi ya kwanza. Ipo pia aina inayotumia mapigo ya umeme, ambayo haijali wekundu wa ardhi na huzama zaidi, lakini kutenga msumari na sarafu huiwia vigumu. Karibu na boma lenye mabati ya zamani utachimba misumari mpaka ukome.

Mengine ni ya Boito hasa. Mistari ya chai ni myembamba, na koili ya sentimita 28 hukwama kwenye mashina, ndogo hupita. Mvua ya alasiri haibishi hodi, kwa hiyo kisanduku kisichozuia maji ni mzigo. Simplex+ na Equinox hustahimili maji hata ya kina cha mita 3. Chini ya nyaya za stima kila mashine huweweseka. Ijaribu hapo pia, uone ipi hutulia ukiipunguzia wepesi wa kusikia.

Na uhakikishe ni ya kweli. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wadukuzi wa China walikuwa wameiba michoro ya Codan, kampuni inayomiliki Minelab, na bandia zake zikauzwa Afrika kwa bei ya chini. Namba ya mashine ikaguliwe kwa mtengenezaji kabla pesa hazijatoka.

Kuhusu sheria, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 huhesabu kitu chochote kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kuwa cha kale, isipokuwa vitabu na hati, na kuvisaka vya namna hiyo kunahitaji leseni. Shilingi ya 1921 haimo katika hesabu hiyo. Shamba la mtu, hata hivyo, ni shamba la mtu: ruhusa kwanza, na shimo lifukiwe.

Ningekuwa na pesa za mashine moja, kwa Boito ningechukua yenye masafa mengi, Legend au Equinox, nikaomba koili ndogo badala ya kubwa. Zisipotosha, Simplex+, kwa ajili ya usawazisho wake na mvua. ACE 300 ningemwachia ndugu yangu wa pwani. Na chenji ningeinunulia vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa ule mkwaruzo wa kifuniko cha soda, upepo ukipiga kwenye majani ya chai, hausikiki kwa spika.