Mirambo na mtego wa Ulyankulu

Oktoba 17, 1956, jijini New York, mvulana wa miaka 13 aitwaye Bobby Fischer alimwachia Donald Byrne malkia wake kwenye hatua ya 17. Byrne akamla. Kwenye hatua ya 41 mfalme wa Byrne hakuwa na pa kukimbilia, na wapenzi wa sataranji wanaujadili mchezo huo mpaka leo.

Miaka 85 kabla yake, magharibi ya Tabora, mchezo wa namna hiyo ulichezwa kwa bunduki. Aliyeucheza ni Mirambo, mtemi kijana wa Uyowa, umri wake yapata miaka 30.

Ugomvi ulikuwa wa njia. Msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulisimamishwa na Mirambo. Akatoza mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na mitumba 5 ya nguo, kisha akaurudisha ulikotoka. Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, wakakusanya watu zaidi ya 2,000. Mapema Agosti 1871 waliiteka ngome ya Zimbizo, na kutoka hapo kijana Soud, mwana wa Said bin Majid, akachukua watu kama 500 kwenda kuivamia Ulyankulu, alikokuwa Mirambo.

Boma lilianguka upesi mno. Mtu mwenye jicho la mchezo angeshtuka hapo hapo: mbona mlango mwepesi hivi, na mwenyewe yuko wapi? Soud hakuuliza. Ndani mlikuwa na pembe za ndovu zaidi ya 100, mitumba ya nguo ipatayo 60 na watumwa kwa mamia. Vyote vikabebwa.

Mirambo alikuwa amekwishatoka na rugaruga, askari wake. Akawalaza majanini, huku na huku ya njia iendayo Zimbizo, akangoja. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Hakuwa na haja ya kupigana na watu 500 wenye bunduki mkononi. Alihitaji watu 500 wenye mzigo kichwani. Mwenye pembe begani hashindilii gobori. Walipofika katikati, majani yakainuka pande zote mbili. Soud aliuawa, na Waarabu waliokuwa naye karibu wote wakaangamia.

Kwa maoni yangu kosa la Soud halikuwa kuingia bomani. Kosa ni kurudi kwa njia ile ile, amelemewa, bila kutanguliza wapelelezi. Henry Morton Stanley, aliyetuachia habari hizi, alikuwa upande wa Waarabu lakini hakuyaona kwa macho yake: homa ilikuwa imemlaza Zimbizo. Siku ya pili jeshi zima la Waarabu lilikimbilia kijiji cha Mfuto, kila mtu na roho yake.

Agosti 22 Mirambo aliifikia Tabora yenyewe. Mwarabu mmoja, Khamis bin Abdullah, akatoka na watu wachache kumkabili. Mirambo akaamuru watu wake warudi nyuma polepole. Khamis akadhani wanavunjika, akawafuata. Ghafla wakageuka. Watumwa wake wenye silaha wakamkimbia, naye akauawa. Hila ile ile, wiki tatu hazijatimia! Stanley, akiwa Kwihara, karibu na hapo, aliona moshi wa Tabora ukipanda.

Njia ya Ujiji ilibaki imefungwa. Septemba 20 Stanley aliondoka Kwihara akielekea kusini, akaizunguka nchi ya Mirambo, na kumkuta David Livingstone, mmisionari aliyekuwa akimtafuta, Ujiji mwezi Novemba.