Siku Zisizoandikwa

Ukisoma ibara za 51 hadi 58 za Katiba ya Uganda ya 1995 kama usomavyo andiko lolote lililotungwa kwa ustadi, kinachokupokea kwanza ni nguvu ya vitenzi. Tume ya Haki za Binadamu inaita mashahidi, inadai nyaraka, inakagua magereza, inamwadhibu anayeidharau. Ibara ya 53 inaipa meno ya mahakama: anayeshikiliwa kinyume cha sheria iamuru aachiliwe, aliyeumizwa iamuru alipwe fidia. Waliotunga walikuwa wameyaona ya tawala za Amin na Obote, na uchungu wao unasikika katika kila kifungu.

Sasa tazama mpangilio. Rais anaingia mapema, ibara ya 51, akiteua mwenyekiti na wajumbe kwa idhini ya Bunge. Uhuru wa Tume unasubiri hadi ibara ya 54. Hilo peke yake ningelisamehe, maana majaji nao huteuliwa na Rais. Kinachoniuma ni muda. Watunzi hawa walijua kuhesabu: ibara ya 23 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na ibara ya 51 inampa mjumbe miaka 6. Kiti kikibaki wazi, hawasemi kijazwe lini.

Gharama ya ukimya huo ilionekana Meddie Kaggwa alipofariki Novemba 2019 akiwa mwenyekiti wa Tume. Mrithi wake, Mariam Wangadya, alipatikana 2021. Ndani ya pengo hilo yalitokea mauaji ya wakati wa maandamano ya Novemba 2020, watu 54 kwa hesabu ya serikali yenyewe, kisha vijana wakawa wanakamatwa na kutupwa ndani ya magari yasiyo na namba, msimu mzima wa uchaguzi. Wakati huo ndipo Tume ilikosa wajumbe wa kuketi kama mahakama. Kuilemaza hivyo hakukuhitaji kuvunja kifungu chochote.

Fidia nayo ina pengo lake. Ibara ya 55 inaagiza mishahara, posho na pensheni za watu wa Tume zitoke moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Fidia ya raia aliyeteswa na askari haimo katika orodha hiyo. Amri hutolewa, na aliyeshinda anazungushwa ofisi hadi ofisi, mwaka baada ya mwaka.

Rais mwenye uteuzi huo, Yoweri Museveni, yuko madarakani tangu 1986. Katiba hiyohiyo iliwahi kuwa na nambari za kumbana yeye: vipindi viwili, vilivyofutwa 2005, na ukomo wa miaka 75 ya umri, uliofutwa 2017. Muda wake ukifunguliwa hivyo, kila tarehe iliyokosekana kwenye ibara za Tume inakuwa mali yake. Hana haja ya kuivunja Tume. Akichelewesha uteuzi, inatosha.

Ndiyo maana naona mageuzi yaanzie kwenye vifungu viwili vifupi. Kimoja kitaje siku za kujaza kiti kilicho wazi. Kingine kiingize fidia katika ibara ya 55, kando ya mishahara.