Haki ya Kifuko cha Bei Rahisi

Wapenzi wa chai wana kiburi chao. Mwambie mmoja wao kwamba unakunywa chai ya vifuko, tena ya lile boksi la bei ya chini linalowekwa rafu ya mwisho supamaketini, karibu na sakafu, atakuhurumia. Kwake yeye chai ni majani yaliyotokota sufuriani pamoja na maziwa na tangawizi, au ni majani marefu yaliyoviringwa kwa mkono na kuletwa kutoka ng'ambo. Kifuko anakiona uvivu, na kifuko rahisi ni uvivu uliotiwa ubahili. Mimi ni mpenzi wa chai pia, na nasema anayetaka kujifunza kuonja aanzie rafu hiyo ya chini. Chai ya fahari humsaidia mwonjaji kupita kiasi: jina lake, bei yake na hadithi iliyoandikwa kwenye kopo vimekwisha kumwambia aseme nini kabla hajainua kikombe. Chai rahisi haina wa kuisemea. Inabidi ionjwe kweli.

Na swali la kuionjea ni moja. Kila kitu cha bei rahisi kimepunguziwa gharama mahali fulani. Je, hii imepunguziwa wapi? Huenda ni kwenye mavazi: haina uzi, haina kile kikaratasi cha kushikia, haina bahasha ya kila kifuko. Hayo yote hulipiwa, na hakuna hata moja linalofika ulimini. Au huenda imepunguziwa kwenye jani lenyewe. Boksi halitakuambia. Kikombe kitakuambia, ukijua kukihoji.

Kabla ya kuhoji, tuiondoe dhana moja inayoharibu kesi mapema. Wengi huamini kwamba kilichomo kifukoni ni vumbi lililofagiwa sakafuni baada ya chai nzuri kupelekwa Ulaya. Ukweli uko kiwandani. Majani mawili na chipukizi lake hunyaushwa, kisha hupitishwa kati ya rola zenye meno zinazosaga, kurarua na kuviringa. Njia hiyo, iitwayo CTC, ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930, na ndiyo inayotengeneza karibu chai yote ya Kenya. Chai ikishapata hewa na kugeuka rangi ya shaba, hukaushwa, ikachekechwa. Punje kubwa huitwa BP1, zinazofuata PF1, kisha PD, na zilizo laini kabisa D1. Herufi D kweli ni ya vumbi, lakini madaraja hayo manne hupima ukubwa wa punje. Yote yanaweza kutoka kwenye majani yaliyochumwa shamba moja asubuhi moja. Udhaifu huanzia chini yake, kwenye madaraja ya pili kama F1 na BMF, ambako nyuzi za vikonyo zimezidi. Punje ndogo zina faida yake: maji huzigusa pande nyingi kwa mara moja, rangi na ladha zikatoka upesi. Ndiyo maana PF1 imependwa sana na watengenezaji wa vifuko.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchukua mkasi. Kipasue kifuko, ukimwage kwenye karatasi nyeupe. Punje nyeusi zenye kung'aa kidogo, zilizolingana ukubwa, ni dalili njema. Zikiwa za kijivu zimefifia, chai imekaa sana au imechujuka kwa kusuguliwa. Ukiona nyuzinyuzi za rangi ya kahawia, umekwisha kupata sehemu ya jibu lako. Kisha nusa. Chai hushika upesi harufu za majirani zake, na boksi la karatasi lililopangwa karibu na sabuni ya unga halina siri.

Sasa maji. Shirika la Kimataifa la Viwango lina kanuni yake ya kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, ifunikwe kwa dakika 6. Kifuko cha kawaida kina gramu 2 hivi, nasi nyumbani hukitumbukiza kwenye kikombe cha mililita 200 au zaidi, tukakitoa baada ya dakika mbili. Mwonjaji anakunywa chai nzito kuliko yetu kwa makusudi, maana ila iliyojificha kwenye chai nyepesi hujitokeza ikikolezwa. Chukua vikombe vyeupe vinavyofanana, andika namba chini ya kila kimoja, kisha umwombe mtu mwingine avibadilishe nafasi ukiwa umegeuka. Ulimi hufuata jicho, na jicho limekwisha liona boksi.

Onja kwa kijiko, na uvute kwa kelele. Mtoto wa Pwani hukanywa asinywe hivyo mezani, lakini hapa adabu ina hasara: hewa inayoingia pamoja na chai ndiyo inayobeba harufu hadi nyuma ya pua, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha huhisiwa huko. Tafuta vitu vitatu. Kwanza uzito, yaani chai ijae kinywani isipite kama maji ya moto yaliyotiwa rangi. Pili uchangamfu, ule mguso unaoamsha ulimi. Tatu ukakasi, ambao si sawa na uchungu: uchungu hukaa ulimini, ukakasi hukaza fizi na mashavu. Ukakasi wa chai njema huja ukaondoka na kuacha kinywa safi. Wa chai mbaya hung'ang'ania, kama umeng'ata bibo bichi. Halafu kiache kikombe kipoe. Chai yenye nguvu ikipoa huingia ukungu, kwa sababu kafeini na zile kemikali zinazoipa rangi hushikana. Wengi huona ukungu huo wakadhani chai imeharibika, kumbe ndipo inapojisifu. Chai rahisi inayobaki angavu kabisa hadi inapoa mara nyingi ilikuwa nyepesi tangu mwanzo.

Hapo ndipo waonjaji wengi wa nyumbani huishia, na hapo ndipo huidhulumu chai hii. Haikutengenezwa inywewe tupu. Imetengenezwa kwa ajili ya maziwa na sukari, kwa mandazi, kwa ofisi yenye chupa moja ya maji ya moto. Itie maziwa, uitazame. Chai ya CTC iliyofanywa vizuri hugeuka rangi ya dhahabu iliyokoza, na ladha yake inapenya maziwa. Iliyo dhaifu hugeuka kijivu, nawe unakunywa maziwa yaliyopata habari za chai. Waonjaji wa mnada wa chai wa Mombasa nao hutia maziwa, na si kwa sababu ya kiu. Wanapima kazi ambayo chai itaenda kufanya.

Tena, usihukumu bila kujua maji yako. Nairobi iko juu kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mombasa, usawa wa bahari, hufika 100. Maji ya visima vya Pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu. Huifanya chai ififie na kuacha utando juu yake. Kifuko kilekile kitasifiwa bara na kulaumiwa Pwani, na hakuna aliyesema uongo.

Mnada wa chai wa Mombasa, uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, huuza chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na nchi nyingine. Kabla ya kununua, waonjaji hupita kwenye safu za vikombe, mamia kwa siku, wakivuta na kutema. Baadhi yao wanachagua chai ya boksi la bei ya chini, na kazi yao ni ngumu kuliko wanavyodhani wapenzi wa majani adimu. Anayeuza chai ya shamba moja ana ruhusa ya kubadilika. Mwaka wa ukame akipata ladha nyingine, ataiita tabia ya msimu na kupandisha bei. Mchanganyaji wa chai rahisi hana ruhusa hiyo. Mvua ikizidi, majani hukua mbio na chai huwa nyepesi. Baridi na ukavu huyachelewesha, ladha ikakolea. Naye anatakiwa, kwa bei isiyosogea, achanganye chai za mashamba mengi hadi mfanyakazi wa Mwembe Tayari, mjini Mombasa, anywe mwezi Mei kile alichokunywa mwezi Februari asihisi badiliko. Huonja mchanganyiko mpya kando ya sampuli ya zamani, akaongeza chai ya shamba hili kwa rangi na ya shamba lile kwa uchangamfu. Akifaulu, hakuna atakayejua kwamba alifanya lolote.

Ufundi huo ndio ninaoutafuta kila nikipasua boksi jipya la bei rahisi. Yapo yaliyopunguziwa jani, na kwa hayo sina utetezi: rangi bila ladha, ukakasi bila uchangamfu, harufu ya karatasi inayokitangulia kikombe. Lakini yapo yaliyopunguziwa uzi na bahasha tu, ambayo ndani yake kuna PF1 iliyochanganywa na mtu anayeijua kazi yake. Mbele ya maziwa chai hizo hushinda makopo ya bei mara nne, maana jani refu laini halikuumbwa kwa mapambano hayo. Kuzitenganisha hizo mbili hakuhitaji kipaji, kunahitaji vikombe vinavyofanana, dakika sita na uvumilivu wa kuuliza bei mwisho.