Dirisha la Mninga

Kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, mbao hupangwa tabaka juu ya tabaka, na kati ya kila ubao na mwenzake huwekwa vijiti ili hewa ipite. Mteja mwenye haraka huona mzigo uliokaa tu. Fundi wa madirisha anajua kazi imeshaanza. Ubao mbichi ukitengenezewa fremu leo, utasinyaa ukiwa ukutani. Viungo vitaachia na shata itakataa kufunga. Ndiyo maana fundi makini akigonga ubao kwa kidole na kusikia mlio mzito, humwambia mteja bila kumung'unya maneno: "Hizi bado, mama. Tusubiri."

Mninga unapendwa kwa kazi hii kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka. Lakini si ubao wake wote unaofaa. Ule wa moyo wa mti, wa kahawia yenye wekundu, mchwa hupata taabu kuutafuna. Ule mweupe wa karibu na gome wadudu huuingia upesi. Fundi mwaminifu huukata mweupe na kuutupa, hata kama ubao utapungua upana. Asiye mwaminifu huupaka rangi ufanane na mwenzake. Kwa hiyo likague dirisha kabla halijapigwa vanishi.

Kazi tamu kuitazama ni ya kiungo. Fundi hupiga mstari kwa skwea na penseli, huchimba tundu kwenye mwimo kwa patasi, kisha huchonga ulimi mwishoni mwa kizingiti. Halafu hujaribu. Ulimi ukiingia wenyewe, umelegea. Ukidai nyundo nzito, utapasua mwimo. Basi huuchomoa, hupitisha patasi upande mmoja tu, kipande chembamba kama ganda la kitunguu kinadondoka, anajaribu tena. Ukishaingia kwa kugongwa taratibu, hupaka gundi na kupigilia kabari. Kisha huvuta tepu kutoka kona hadi kona, mshazari mmoja na wa pili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, imekwenda upande, na hakuna bawaba itakayoiponya.

Yapo mambo mengine ambayo mwenye nyumba huyatambua siku mvua inapopiga. Kizingiti cha chini hupewa mteremko kuelekea nje, na upande wake wa chini hupitishwa mfereji mwembamba. Maji yakifika hapo hudondoka, hayarudi ukutani. Shata nayo huachiwa nafasi kidogo, maana masika mbao huvimba. Nyumba ikiwa karibu na bahari, bawaba na skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Aluminiamu ina sifa zake: hailiwi na mchwa, haidai vanishi na huwa tayari upesi. Lakini dirisha la kuteleza lenye vioo viwili hufunguka nusu tu. Shata mbili za mbao hufunguka zote, na upepo ukaingia kwa upana wote wa dirisha. Kwa joto la pwani, hilo si jambo dogo.

Anayejenga na achague mbao zake mapema, msingi unapochimbwa, zikauke wakati kuta zinapanda. Aulize pia kama zilivunwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Vipimo vya mwisho vichukuliwe kwenye uwazi wenyewe ukuta ukishasimama, kwa sababu ramani na ukuta havipatani siku zote. Na fedha zikipungua, punguza nakshi au ahirisha vanishi. Siku za fundi usiziguse.